Shaba Iliyoachwa Mlimani

Miners Ridge ni mgongo wa mlima katika safu ya Cascade, kaskazini mwa jimbo la Washington nchini Marekani. Umepewa jina la wachimbaji, na wachimbaji kweli walifika: walipasua mawe, wakachoronga, wakapima, wakachora ramani, wakaondoka. Mgodi haukufunguliwa hata siku moja. Anayetaka kufika huko leo hufuata bonde la mto Suiattle kwa miguu, takriban kilomita 25, akipita chini ya mierezi mirefu hadi kwenye ziwa dogo liitwalo Image Lake, karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Ng'ambo ya bonde umesimama Glacier Peak, mlima wa volkano wenye urefu wa mita 3,213, na barafu yake haiishi mwaka mzima. Watu huupiga picha ukiwa umejiakisi majini. Wakiwa wameelekeza kamera huko, wengi hawana habari kwamba Plummer Mountain, mlima walioupa kisogo, una shaba nyingi.

Kitu kinachojulikana kilipo, kilichopimwa, kinachotafutwa dunia nzima, na bado hakichukuliwi, ni kitu gani? Mhasibu atasema ni mali iliyolala. Mpanda milima atasema ni mlima, basi. Naona wote wawili wana haraka. Inafaa kwanza kukaa kidogo na jiwe lenyewe, maana mengi yamesemwa juu ya mlima huu na watu ambao hawakujali umetokana na nini.

Chini ya pwani ile ya magharibi, sakafu ya bahari huzama taratibu chini ya bara. Inapozama hubeba maji yaliyofungwa ndani ya madini yake. Kina kikiongezeka, joto na mgandamizo huyakamua maji hayo, nayo hupanda yakaingia katika miamba ya moto iliyo juu yake, ikayeyuka kwa joto ambalo peke yake lisingetosha kuiyeyusha. Ndiyo sababu volkano za Cascade zimejipanga sambamba na pwani. Hapo Miners Ridge, takriban miaka milioni 22 iliyopita, magma ilipanda, ikapenya katika miamba mikongwe kuliko yenyewe, ikakwama kilomita chache kabla ya kuufikia uso wa dunia, ikaanza kupoa. Wanajiolojia huuita mwamba huo Cloudy Pass, kwa jina la njia ya mlimani iliyo jirani.

Kupoa huko ndiko kulikoleta shaba. Magma inapoganda, madini ya mwanzo kujitengeneza hayana nafasi ya maji, na shaba nyingi nayo hukosa pa kukaa. Vyote viwili hubaki katika ujiuji unaozidi kupungua, hadi maji yanapojitenga yakiwa na joto la mamia ya nyuzi, yamejaa chumvi na salfa, na shaba imeyeyuka ndani yake. Yakikosa pa kutokea, huupasua mwamba uliokwisha ganda juu yake, nyufa elfu kwa maelfu, nyingi nyembamba mno. Yanapopanda na kupoa hushindwa kuendelea na mzigo, yakaiacha shaba kwenye kuta za nyufa kama maji ya bahari yanavyoacha chumvi ukingoni mwa sufuria. Nyufa huziba. Shinikizo hujikusanya upya, mwamba ukapasuka tena. Kazi hiyo ilirudiwa mara nyingi mno, gizani, bila mtu wa kuihitaji.

Kipande cha mwamba wa namna hii ukikitia mkononi hakikwambii lolote juu ya utajiri. Ni cha kijivu, kina madoa meupe ya felispa na vijiwe vyeusi vinavyong'aa kidogo. Ukigeuze juani ndipo utaona chembe za manjano iliyokolea, hiyo ni kalkopiraiti yenye shaba, na kando yake pairaiti iliyopauka, ambayo imewahadaa watu wengi wakidhani wamepata dhahabu. Upande ulionyeshewa mvua miaka na miaka umeshika kutu, na penye bahati pana doa la kijani, dogo kuliko ukucha. Kutu hiyo ndiyo iwaitayo watafutaji. Pairaiti ikikutana na hewa na maji huoza, ikaupaka mlima rangi ya machungwa na kahawia inayoonekana kutoka ng'ambo ya bonde. Mlima hujitangaza wenyewe, kama ni kosa basi ni lake.

Sasa hesabu. Shaba ya aina hii, ambayo wataalamu huiita porfiri, kwa kawaida haifiki asilimia moja ya mwamba. Tuseme ni asilimia 0.5. Tani nzima itatoa kilo 5, na kilo 995 zilizobaki zitasagwa kuwa unga, zitachanganywa na maji na kulazwa bondeni milele. Gari la umeme hubeba takriban kilo 80 za shaba. Hizo ni tani 16 za mwamba kwa gari moja, na bado hujahesabu magwangala, yale mawe matupu yanayoondolewa kwanza ili kuifikia mbale. Kinachofanya porfiri ilipe ni wingi wake tu. Haina mkanda mmoja mnene ambao mtu angeufuata na sururu akauacha mlima umesimama. Shaba imetawanyika kila mahali kidogo kidogo, kwa hiyo hakuna namna ya kuchota kiasi kwa adabu. Ama mlima uondolewe, ama uachwe. Sharti hilo halikuwekwa na kampuni wala na watetezi wa misitu. Liliwekwa na yale maji ya moto, miaka milioni 22 iliyopita, na kila aliyebishana juu ya Miners Ridge alibishana ndani yake.

Kuna jambo jingine ambalo wabishi hawalitaji. Shaba hii haikuzaliwa juani. Ilikuwa chini ya unene mkubwa wa miamba, na yote yaliyoifunika yameondolewa chembe kwa chembe na mito na barafu. Lau watafutaji wangekuja miaka milioni kumi mapema, huenda wasingeona doa hata moja. Wakichelewa mno watakuta imekwenda, kwa kuwa mmomonyoko haujasimama. Suiattle huingia katika Sauk, Sauk katika Skagit, na Skagit humwaga maji yake katika Puget Sound. Kila theluji inapoyeyuka mlima hutoa sehemu yake, na pamoja na mchanga huenda shaba nayo. Wanaotaka mlima ubaki kama ulivyo wanapaswa kujua kwamba mlima wenyewe hauna mpango huo. Na chini ya Glacier Peak, ambayo imelipuka mara kadhaa tangu mwisho wa zama za barafu, huenda hivi sasa maji ya moto yanaweka shaba nyingine kwa ajili ya viumbe ambao hatuwezi hata kuwabuni.

Mbele ya muda wa namna hiyo, kipindi ambacho shaba ya Plummer Mountain inaweza kuitwa mali ni kifupi, na ndani ya kipindi hicho jina lenyewe halitulii. Kwa watu wa migodini jiwe huwa mbale pale linapolipa gharama za kulichimba. Bei ikishuka kwenye Soko la Metali la London, dizeli ikipanda, au mafuriko yakisomba barabara, mwamba uliokuwa mbale jana unaamka kifusi, na hakuna chembe iliyosogea. Mtu akiniambia mlima fulani una utajiri wa mabilioni, huwa namuuliza: kwa bei ya siku gani?

Waliobishana hadharani juu ya mlima huu hawakukosa akili. Charles Park alikuwa profesa wa jiolojia katika Chuo Kikuu cha Stanford. David Brower aliongoza chama cha uhifadhi cha Sierra Club tangu 1952 hadi 1969. Mwandishi John McPhee aliwatembeza pamoja katika milima hii, kisha akaandika safari hiyo katika kitabu chake cha 1971, Encounters with the Archdruid. Park alitembea akigonga mawe ya njiani kutazama ndani yake. Hoja yake haikuwa ya mlafi: madini yako pale yalipo, hakuna awezaye kuyahamishia mahali pasipopendeza, na kila anayewasha taa amekwisha kuipigia kura shaba. Brower alijibu kwamba shaba itatumika na kwisha, na shimo litabaki. Mahali pa namna hii pamebaki pachache, na asiyewahi kufika hapo naye ananufaika kwa kujua tu kwamba papo.

Nikiwasikiliza naona kila mmoja ameiweka thamani ndani ya jiwe, kana kwamba ilikuwamo tangu magma ipoe. Kwa Park ipo katika manufaa ya shaba, kwa Brower ipo katika kutoguswa. Lakini mwamba haukuwekwa akiba kwa ajili ya nyaya, wala haukusimamishwa kwa ajili ya macho ya wapanda milima. Sisemi kwamba mlima ni ukuta mtupu ambao kila mtu anaandika apendalo, kwa sababu tumekwisha ona masharti yake ni magumu na hauyalegezi kwa yeyote. Ninachosema ni kwamba masharti si maana. Maana iliingia pale watu walipolazimika kuchagua, na kwa hiyo inafaa kuuliza waliochagua ni akina nani, na kwa uwezo gani.

Uchaguzi wenyewe ulikuwa wa vurugu. Eneo la Glacier Peak liliingizwa chini ya Sheria ya Mapori ya Asili ya 1964, ambayo humwona binadamu kuwa mgeni apitaye asiyekaa. Watu wa Sauk-Suiattle, ambao Glacier Peak kwao ni Dakobed na ambao wamekuwa katika mabonde yale tangu kabla ya kuwapo Marekani, wangekuwa na haki ya kushangaa kusikia kwamba hapo watu hawakai. Kwa upande wa pili sheria hiyohiyo iliacha mlango wazi. Watafutaji waliruhusiwa kuendelea kudai maeneo ya madini hadi mwisho wa 1983, na madai halali yaliyokuwapo yaliheshimiwa. Kampuni ya Kennecott ilikuwa na haki zake juu ya Miners Ridge, na katikati ya miaka ya 1960 ilitaka kuchimba shimo la wazi. Mwaka 1967 jaji wa Mahakama ya Juu William O. Douglas aliongoza watu kwenda huko kupinga. Wapinzani walisema shimo lingekuwa kubwa kiasi cha kuonekana kutoka mwezini. Miaka miwili baadaye watu walifika mwezini kweli, na sijasikia kwamba waliangalia mashimo ya Kennecott, ingawa wakati huo kampuni ilikuwa nalo moja huko Bingham Canyon, Utah, lililochimbwa tangu mwaka 1906.

Hakuna siku moja ambayo mtu aliamua mlima ubaki. Shimo lingekuwa mbali na kila kitu, hakukuwa na barabara, bei haikutulia, na jina la kampuni lilikuwa linachafuka magazetini. Huko Chile serikali ilinunua zaidi kidogo ya nusu ya mgodi wake mkubwa wa El Teniente mwaka 1967, kisha ikautaifisha wote mwaka 1971, kwa hiyo kampuni ilikuwa na mashaka mengine. Iliahirisha, ikaahirisha tena, hadi kuahirisha kukawa ndiyo jibu. Mambo mengi tunayoyaita uhifadhi yalianza hivyo, na siyabezi. Lakini tusiyavike joho la hekima yalipokuwa uchovu.

Asiyejua kilichoepukwa na avuke Cloudy Pass upande wa mashariki. Huko kuna Holden, kijiji kisichofikika kwa gari kutoka nje: unakwenda kwa boti kwenye ziwa Chelan, kisha basi hupanda nawe. Shaba iligunduliwa hapo mwaka 1896, mgodi ukafunguliwa 1938, ukafungwa 1957. Miaka 19 tu. Kijiji kikapewa Walutheri, wakakifanya mahali pa mafungo na sala, na waumini wakaimba zaburi jirani na vilima vya tope la mgodi, mamilioni ya tani, kando ya kijito kilichogeuka rangi ya kutu. Kulisafisha eneo hilo kulikuja kufanyika katika miaka ya 2010, kwa gharama ya mamia ya mamilioni ya dola zilizolipwa na kampuni ya Rio Tinto. Salfa ileile iliyosafiri pamoja na shaba, ikishasagwa na kuachwa kwenye hewa, hutengeneza asidi, na asidi haina habari kwamba mgodi umefungwa.

Kwa hiyo ndiyo, mimi ningeuacha mlima ule. Baada ya kusoma juu ya Holden sioni ninavyoweza kusema vingine. Linalonisumbua ni kwamba simu yangu ina shaba, nyumba yangu ina nyaya, na mpanda milima aliyepiga picha pale Image Lake alifika mwanzo wa njia kwa gari. Shaba isiyotoka Miners Ridge imetoka kwingine. Park alilisema hilo, na katika mabishano yote sijaona aliyemjibu sawasawa.

Kwingine huko ni mahali penye jina. Leo Kongo iko miongoni mwa nchi zinazotoa shaba nyingi kuliko zote duniani, na kitovu ni Katanga ya zamani, Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, miji ambako Kiswahili ndicho lugha ya nyumbani na ya sokoni. Shaba yao haikuletwa na volkano. Iliwekwa na maji ya chumvi yaliyopenya katika matabaka ya mashapo zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, na ina utajiri mara kadhaa kuliko porfiri. Huko Kakula mbale yake imewahi kupita asilimia tano. Wenyeji waliijua karne nyingi kabla ya Wabelgiji, wakaiyeyusha na kuimimina katika umbo la misalaba iliyotumika kama fedha. Nayo hutoka pamoja na kobalti.

Mwaka 2014 huko Kasulo, mtaa wa Kolwezi, iligundulika kwamba ardhi chini ya nyumba ina kobalti. Muda si muda mashimo yalikuwa kwenye nyua, chini ya jikoni, ndani ya vyumba vya kulala, mengine ya kina cha makumi ya mita, na turubai juu yake. Baadaye sehemu ya mtaa ilizungushiwa ukuta na familia zikahamishwa. Wapo waliopata fedha ambazo wasingezipata kwa kazi nyingine yoyote, na sitaki kuwasimanga kutoka mezani kwangu. Wapo waliofukiwa.

Ukilinganisha Katanga na Miners Ridge, ni rahisi kusema kwamba tofauti ni ya jiolojia: huku hata asilimia tano, kule chini ya moja. Ni kweli, na mwanajiolojia hatakuruhusu uisahau. Lakini Washington hawakuwa na mbale hafifu peke yake. Walikuwa na jaji wa kupanda mlima kwa ajili yao, magazeti ya kuwekea matangazo, sheria ya kushikilia, na uchumi uliowalisha huku shaba ikingoja. Waliweza kungoja. Akiba ya shaba isiyochimbwa, katika dunia inayoitaka shaba kiasi hiki, ni alama ya uwezo huo kuliko ilivyo alama ya upendo wa mandhari. Ndiyo maana siwezi kuitazama kama kitu kilichosinzia tu. Kila mwaka inapobaki pale inabaki kwa sababu watu fulani wanamudu ibaki, na gharama inapelekwa kwenye ramani nyingine.

Sidai kwamba kama Plummer Mountain ungepasuliwa, Kasulo ingepona. Wanunuzi wangechukua kote kuwili, na hakuna soko linalosema sasa yatosha. Dai langu ni dogo zaidi. Park na Brower walipewa siku kadhaa za kubishana kwa utulivu mbele ya mlima, mwandishi akinukuu hoja za wote wawili, na swali lililokuwa mezani lilikuwa kama mlima uchimbwe au usichimbwe kabisa. Waandishi wamefika Kolwezi pia, wengi, na kamera nzuri. Wanawauliza wachimbaji wanalipwa kiasi gani, shimo lina kina gani, mtoto huyu ana umri gani. Swali lile la kwanza huwa hawaji nalo.